Kalavati Kwanza, Rangi Baadaye: Jinsi ya Kuivusha Reli ya Zamani Masika

Sisi ni kundi la kujitolea linaloitunza reli ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu, na kila Januari simu yangu hulia kwa swali moja: tunapaka rangi behewa lini? Vijana wa Nakuru mjini, walimu wastaafu wa Njoro, hata mama mmoja wa Molo aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha kwenye madirisha ya treni, wote wanataka brashi. Hajatokea hata mmoja wa kuniuliza tunazibua kalavati lini, yaani ile njia ya maji inayopita chini ya reli. Mwongozo huu nimemwandikia huyo ambaye hajapiga simu bado.

Wenzetu wa Wales walioiokoa reli ya Talyllyn mwaka 1951, wa kwanza duniani kuendesha reli kwa nguvu ya watu wa kujitolea, hupambana na baridi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na bomba lililosahauliwa na maji ndani hupasuka. Sisi theluji hatuna. Tuna masika, na baada yake kipupwe cha Mau ambacho kwa majirani zangu wa Molo ni masika tu yaliyovaa sweta. Maji yetu hayagandi mahali pamoja. Yanashuka, na yakishuka hubeba tuta, ule udongo ulioinuliwa kuibeba reli.

Hebu fikiria njia yenyewe. Reli ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Kutoka Nakuru hupanda kupitia Njoro, Elburgon, Turi na Molo hadi Mau Summit, juu ya mita 2,500, kisha huporomoka Londiani, Kipkelion, Fort Ternan na Muhoroni mpaka ziwani, kwenye mita 1,135 hivi. Kila tone linaloanguka upande ule wa Mau linaelekea Nyanza kwa njia ileile inayotumiwa na reli. Watu hupiga picha madaraja marefu ya chuma, yale 27 yaliyojengwa na American Bridge Company ya New York. Makalavati hayapigwi picha, na ndiyo yanayoamua kama tuta litauona mwezi wa Juni.

Hatua ya kwanza: barua kabla ya jembe

Usishike hata jani kabla ya kupata ruhusa ya maandishi. Reli, mataruma (yale yanayolazwa chini ya reli kuzishikilia), stesheni na ardhi ya pembeni ni mali ya Kenya Railways, na kuingia kwenye njia bila kibali ni kosa kisheria. Jengo la zamani au kaburi la wajenzi linaweza pia kulindwa na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, kwa hiyo peleka nakala ya barua kwa watu wa makumbusho.

Barua yako iseme mambo matatu waziwazi: mtafanya kazi wapi (kutoka nguzo ya kilomita ipi hadi ipi), mtagusa nini, na nani atawajibika mtu akiumia. Barua inayosema "tungependa kusaidia" hukaa mezani mwaka mzima.

Halafu tofautisha njia yenye treni na njia iliyolala. Treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirudi Desemba 2021, na mabehewa ya mizigo hayana ratiba utakayoisikia kijijini. Kwenye njia hiyo kuu kazi yetu ni macho na simu tu: kuona na kuripoti. Jembe letu hufanya kazi kwenye njia za pembeni zilizolala, kwenye viwanja vya stesheni, na kwenye mitaro ya nje ambayo tumekubaliwa. Mtu asiyeelewa tofauti hiyo mwache nyumbani, hata kama ana pikapu.

Hatua ya pili: tembea Januari, na kalamu mkononi

Hapa kuna ujanja wa kalenda uliotuchukua miaka miwili kuujua. Masika huanza Machi, na huo ndio mwezi ambao hakuna binadamu yeyote wa Molo au Njoro atakayekuja kwako, kwa sababu anapanda mahindi na viazi. Ukishuka upande wa Kisumu na Vihiga, ongeza Jumamosi za matanga. Reli inakuhitaji zaidi wakati ambao watu wako hawapo. Basi kazi yote nzito iishe kufikia katikati ya Februari. Masika yenyewe mtaachiwa watu wanne au watano wa doria, na hao wanatosha.

Tembeeni wawiliwawili. Kila kalavati lipewe namba, iandikwe kwa rangi nyeupe kwenye ukuta wa mdomo wake, na kwenye daftari iandikwe namba hiyohiyo, upana wa mdomo, kimo chake, na kina cha tope lililomo. Kalavati lenye kimo cha sentimita 90 na tope la sentimita 45 limebaki nusu. Usiandike "limeziba kidogo". Kila mtu ana "kidogo" yake.

Waulizeni majirani. Mzee mmoja wa karibu na Londiani, aliyekuwa nyapara wa gengi enzi za East African Railways, alituonyesha kalavati ambalo hatukulijua kabisa kwa sababu lilikuwa limefunikwa na nyasi za nepia za mtu. Alilipata kwa kusimama, kuangalia bonde, na kusema, "Maji ya hapa lazima yalikuwa na mlango." Tulichimba robo saa tukagonga jiwe la ukingo.

Hatua ya tatu: mitaro na makalavati

Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani upande wa Old Kijabe, juu ya Mai Mahiu, kaunti yetu hii ya Nakuru. Wizara ya Maji ilieleza kuwa njia ya maji iliyopita chini ya tuta ilikuwa imezibwa na udongo, mawe na miti. Tuta lilifanya kazi ya bwawa ambayo halikujengewa, likapasuka, na maji yakashukia Kamuchiri watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 40 walikufa. Ninapowaambia vijana kuwa kuzibua kalavati si kazi ya kuwapa adhabu waliochelewa, nawapa tarehe hiyo.

Anza upande wa chini, maji yanapotokea. Wengi huanza juu kwa sababu ndiko uchafu unakoonekana, halafu maji yaliyonaswa yanaachiliwa ghafla wakiwa wamesimama mbele yake. Fungua mlango wa kutokea, chimba mtaro wa nje uwe na mteremko hadi mtoni au bondeni, ndipo urudi nyuma.

Usiingie ndani. Hata lile linalomtosha mtu mzima kusimama, usiingie. Kuna nyoka, kuna hewa mbaya, na kuna matofali ya zaidi ya miaka mia yanayosubiri kuguswa. Sisi hutumia kamba. Mtu mmoja hupitisha mti mrefu wenye kamba upande mmoja, upande wa pili wanaipokea, kamba inafungwa tairi kuukuu la gari dogo, na watu sita wanavuta huku na huku kama mashindano ya shule. Tope likilegea, mimina maji, vuta tena. Ukimaliza, mmoja amulike tochi upande wa juu na mwingine achungulie upande wa chini. Ukiona duara zima la mwanga, andika tarehe.

Udongo uliotoka upelekeni mbali. Nimeona kundi likizibua mtaro vizuri sana kisha likaacha rundo ukingoni, na mvua ya kwanza ikalirudisha lote ndani kabla ya saa sita usiku. Kundi lenyewe lilikuwa letu.

Mtaro wa juu, ule unaokatwa mlimani kuzuia maji yasishukie njia, ndio unaosahauliwa zaidi. Mara nyingi uko mita kumi au ishirini juu ya reli, umejaa majani ya mikaratusi. Fuateni mlima mpaka muuone.

Nyasi za tuta msing'oe. Fyekeni kimo cha kifundo cha mguu, mizizi ibaki. Nyasi ya kikuyu inashika udongo kuliko ukuta wowote mtakaoweza kuchangia. Adui ni anayelima bega la tuta, na huyo si adui kwa kweli, ni jirani mwenye watoto. Tuliwahi kupeleka onyo na likaleta matusi. Mwaka uliofuata tulimpelekea miche ya vetiva, nyasi ya kushika udongo, apande badala ya mahindi, akate majani alishe ng'ombe wake. Siku hizi ndiye anayenipigia kalavati namba 14 likianza kunguruma.

Ukishuka kwenye uwanda wa Kano, kuanzia Muhoroni, kupita Kibigori na Miwani hadi Kibos, sheria hubadilika. Hapo hakuna mteremko wa kusaidia, na ule udongo mweusi hupasuka nyufa za kuingiza mkono wakati wa kiangazi, kisha ukilowa huvimba na kuinua kila kitu kilicho juu yake. Mto Nyando unapotapika, maji huja kwa upana wa macho. Mitaro ya huko iwe mipana na ya kina kifupi, na nyufa zijazwe udongo na kushindiliwa kabla ya mvua. Ukiziacha wazi, maji hupata ngazi ya kushukia katikati ya tuta.

Hatua ya nne: kokoto na mataruma

Kwenye njia ya pembeni mliyokabidhiwa, tafuteni mahali reli inapotema tope. Sukuma behewa, au hata trole, uangalie chini ya mataruma. Taruma likizama na tope la kijivu likaruka pembeni, hapo kokoto zimechanganyika na udongo na maji hayana pa kwenda. Kumwaga kokoto mpya juu ni kupaka poda juu ya jipu. Chimba, toa zote chafu, toboa njia ya maji hadi mtaroni, ndipo ujaze.

Kokoto ziwe za kuvunjwa, zenye ncha. Mawe mviringo ya mtoni hayashikani, huteleza kama gololi. Moramu usiiguse kabisa, hata ukipewa bure na lori.

Sehemu kubwa ya mataruma ya njia hii ni ya chuma, na taruma la chuma lina tumbo wazi chini, kama mtumbwi uliopinduliwa. Lisipojazwa kokoto ndani hukaa juu ya hewa. Shindilia kwa mtaimbo chini ya kila reli, pande zote mbili, na katikati acha palegee. Taruma lililokazwa katikati hubembea kama pembea na mwishowe hupinda.

Kazi hii fanyeni asubuhi. Chuma kilichopigwa na jua huwa na joto kuliko hewa, na tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na saa saba mchana hurefusha reli ya mita 12 kwa milimita 4. Ni kidogo, lakini zidisha kwa reli ishirini zinazofuatana, kisha waza umezitolea kokoto zilizokuwa zikizishikilia. Zikikosa pa kwenda, zinapinda mbele ya macho yako.

Upana kati ya reli ni milimita 1,000 kamili, ndiyo maana inaitwa reli ya mita. Chongeni fimbo ya chuma yenye kipimo hicho, mpime kila hatua tano. Kwetu, ikifika 1,020 hakuna gurudumu linalopita hapo mpaka fundi wa reli aje. Wekeni pimamaji juu ya reli zote mbili pia, maana mvua huzamisha upande mmoja kwanza.

Bolti za fishipleti, vile vyuma vinavyounganisha reli na reli, zikazwe, ziguswe na grisi. Pointi, pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, zisafishwe na kupakwa grisi nyembamba pale ulimi unapoteleza, na uondoe kila kokoto iliyonaswa. Juu ya reli penyewe, ambapo gurudumu hukanyaga, mafuta hayagusi. Hesabuni bolti na mziandike, kwa sababu ya soko la vyuma chakavu. Ikipungua moja, ripotini siku hiyohiyo.

Hatua ya tano: behewa la mbao

Hapa ndipo wapaka rangi wanapochangamka. Tulieni. Mvua ya milimita 50 kwenye paa la behewa lenye urefu wa mita 18 na upana wa mita 2.7 ni lita 2,430, yaani mapipa makubwa 12. Maji yote hayo yanatafuta tundu la msumari.

Panda paani siku kavu, piga magoti, usitembee wima. Tafuta mshono uliofumuka, uzibe. Kisha shuka madirishani. Chini ya kila dirisha linaloteremka kuna mfereji mdogo wenye matundu ya kutolea maji, na miaka hamsini ya karanga na vumbi imeyaziba. Zibua kwa waya. Kuoza kwa mbao nyingi nilizoona kulianzia hapo, ndani ya ukuta, nje rangi ikiwa inang'aa.

Usilifunge behewa kwa turubai kama zawadi. Turubai ligusalo ubao hulowesha kuliko mvua, na ukungu huota ndani kwa wiki mbili. Lining'inizwe juu ya mbao za kuliinua, pembeni upepo upite, na siku ya jua milango yote ifunguliwe. Fyeka nyasi zinazogusa magurudumu, vunja kila njia ya mchwa.

Msikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu, mara nyingi ina risasi. Lowesheni, vaeni barakoa, na mwenye mimba asiwepo. Mkikuta kitu cheupe chenye nyuzinyuzi kimezungushiwa mabomba au boila, acheni hapohapo, fungeni eneo, mwite mtaalamu. Huenda ni asbesto, na vumbi lake huua mapafu baada ya miaka mingi, wakati kila mtu ameshasahau ile Jumamosi.

Hatua ya sita: mkilindishwa injini ya mvuke

Ni makundi machache yatakayopata bahati hii. Majitu kama injini ya Mount Gelai, yale ya aina ya 59 (Class 59) yaliyotoka Manchester katika miaka ya 1950, yako kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ila hata mkipewa kainjini kadogo ka kiwanda, kanuni ni moja.

Toa majivu yote kwenye tanuri na kwenye kisanduku cha moshi. Majivu yakikutana na unyevu hugeuka tindikali, inayokula chuma usiku na mchana. Boila likaushwe kabisa, kila mfuniko uondolewe upepo upite, kisha liwekwe sinia la chokaa isiyozimwa ndani kufyonza unyevu na kufungwa. Nusu maji, nusu hewa ni njia ya uhakika ya kuliua. Chokaa hiyo huunguza macho, vaeni miwani na glavu.

Funika dohani kwa debe lililokatwa. Msipofanya hivyo, nyuki watahamia. Tulihamiwa. Asali ilikuwa nzuri, lakini tulipoteza mwezi mzima.

Hatua ya saba: doria wakati wa mvua

Kata kopo lenye kuta zilizonyooka, liweke mahali wazi mbali na miti, pima maji kwa rula kila asubuhi saa moja. Kanuni yetu: usiku ukizidi milimita 50, hakuna kinachosogea kwenye njia yetu mpaka wawili wameitembea yote.

Msitembee peke yenu, wala alasiri mawingu ya ziwa yakishapanda Nandi. Radi za huku hazibishi hodi mara mbili, na mtu aliyesimama juu ya reli na sululu begani amejitangaza. Mkisikia ngurumo, shukeni tutani, mkae mbali na chuma na miti mirefu.

Cha kutazama ni hiki: maji yaliyotuama upande mmoja wa tuta wakati upande wa pili ni mkavu, ufa mrefu unaokwenda sambamba na reli, nguzo au mti uliokuwa wima jana na leo umeinama, chemchemi ya maji ya tope miguuni mwa tuta. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Maji safi yakichuruzika yanaweza kusubiri fundi, lakini yakitoka na udongo, tuta linaliwa kutoka ndani.

Ukiona lolote kati ya hayo kwenye njia yenye treni, piga simu stesheni zote mbili, ya juu na ya chini, kwanza. Namba ziwe zimeandikwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, maana simu hulowa. Kisha waambieni wanaoishi chini ya tuta wahame, hata kama watawacheka. Msijaribu kuzibua chochote wakati maji yamejaa.

Kundi la doria lipewe gambuti, makoti ya mvua, na chai ya tangawizi inayowasubiri ikiwa moto. Nimeona watu wakivumilia tope wiki sita kwa ajili ya chai, na wengine wakiacha siku ya pili kwa sababu mhazina alisahau sukari.

Na rangi?

Rangi ni wiki mbili za mwisho za Februari, daftari likionyesha tarehe kwenye kila kalavati. Usijaribu Julai: Molo mwezi huo asubuhi ni ukungu, mchana manyunyu, na rangi ya mafuta hukaa wiki nzima ikinata, ikikusanya nzi. Julai chukueni fimbo ile ya kipimo na daftari, mrudi kwenye makalavati yote, mpime tope lililoletwa na masika na kuliandika pembeni mwa namba ya Januari. Namba 7 letu lilipokea sentimita 30 kwa msimu mmoja, na tulipofuata mtaro wake mlimani tukakuta kuna mtu ameanza kuchimba mawe.